Muhuri wa Oslo

Barua ya kumwita Jeruto ilifika shuleni Jumanne saa nne, wakati wa mapumziko, mkononi mwa askari wa chifu. Ilikuwa mistari miwili tu. Mwalimu Jeruto afike Eldoret mjini siku ya Alhamisi saa tatu asubuhi, chumba namba kumi na nne, orofa ya pili, katika jumba moja nyuma ya barabara kuu. Aje na pasipoti yake.

Haikuandikwa ni ofisi ya nani, na haikuwa lazima. Mwaka huo wa 1987 kila mtu Uasin Gishu alijua kuna vyumba visivyo na kibao mlangoni. Alijua pia kuna watu walioitwa kwa mistari miwili kama ile, wakakaa miezi bila jamaa zao kuambiwa waliko. Mwalimu mkuu aliisoma, akaikunja, akamrudishia. Alisema darasa lake litashikwa na mwingine. Aliyasema hayo akiangalia uwanja wa mpira.

Jeruto alikuwa na miaka ishirini na sita. Alifundisha darasa la nne na michezo katika shule ya msingi upande wa Kesses, na kwa miaka mitatu mfululizo, kila Julai na Agosti, alikwenda Ulaya kukimbia mbio za barabarani. Watu wa nyumbani wakisikia Ulaya walifikiria hoteli na mazulia. Hawakumjua Piet. Piet alikuwa Mholanzi aliyewasimamia wakimbiaji sita kutoka Bonde la Ufa. Zawadi za zile mbio za miji midogo zilikuwa haba, na kama nauli ingekula zawadi, safari yote ingekuwa bure. Kwa hiyo Piet aliwinda ndege za kukodi, zile zilizobeba watu wa likizo kwenda na kurudi baharini. Kiti kilichokosa mtu siku ya mwisho kiliuzwa kwa bei ya kutupa, na Piet alikuwa pale kukiokota.

Kiti cha bei hiyo hakina heshima. Ndege iliondoka alfajiri kutoka uwanja ulio mbali na mji wowote, ama ilitangazwa saa sita ikaondoka saa kumi na mbili. Mzigo ukizidi kidogo unalipia, basi Jeruto alivaa suruali mbili na makoti mawili katikati ya joto la Julai, viatu vya mbio vikining'inia shingoni kama hirizi. Chakula kiliuzwa ghali, kwa hiyo alibeba mkate na mayai ya kuchemsha. Mara moja begi lake lilikwenda Uhispania huku yeye akishuka Ujerumani. Alikimbia kilomita kumi na tano na viatu vya mwenzake Kipyego, soksi zimeshindiliwa mbele, akawa wa pili, kisha akashindwa kutembea siku tatu.

Hata hivyo aliyapenda maisha yale, na hakumwambia mtu jinsi alivyoyapenda. Alipenda kuamka katika lugha moja na kulala katika nyingine. Alipenda ile dakika ndege inapotoboa mawingu ya mvua na kukuta jua limekaa juu yake muda wote. Safari moja, juu ya milima yenye theluji, mtoto wa Kizungu asiyemjua alimlalia begani hadi wakatua, na mama yake akawaacha hivyo hivyo. Kutokana na miguu yake na viti vile vya kuokota, mama yake Jeruto alikuwa sasa na nyumba ya mabati na tangi la maji.

Aliposhika barua ile, hakuwaza lolote kati ya hayo. Aliwaza kuhusu Oslo.

Ilikuwa Agosti. Alikuwa amekimbia Sweden Jumamosi, na Jumapili iliyofuata alitakiwa Ubelgiji. Kiti cha bei rahisi kuliko vyote kilitokea Oslo, hivyo Piet akampandisha basi peke yake hadi kule. Alipofika, kampuni iliyokodi ndege ilikuwa imefilisika asubuhi hiyo. Abiria mia moja na kitu walikaa juu ya mabegi yao wakitazama dirisha la tiketi lililofungwa. Walikaa siku mbili. Siku ya pili mchana, Jeruto akiwa amebakiza yai moja, mwanamume mweusi aliyekuwa akifagia alisimama karibu naye. Alisoma maandishi ya Kenya mgongoni mwa koti lake la michezo, akamuuliza kwa Kiswahili kama huko mvua imenyesha.

Aliitwa Ndungu. Alikuwa amekulia Munyaka, pale pale Eldoret, akafika chuo kikuu. Miaka miwili iliyopita rafiki yake wa bweni alikamatwa na makaratasi ya kuilaumu serikali. Ndungu hakungoja zamu yake. Alivuka mpaka wa Uganda kwa miguu, akaenda mbele hivyo hivyo hadi akaishia na ufagio Oslo. Alimnunulia Jeruto chai na mkate wenye samaki. Hakuzungumza siasa hata neno moja. Ndege nyingine ilipopatikana jioni, alimletea bahasha isiyo na jina juu yake. Alimwambia ni ya mama yake, Mama Waithira, anayeuza viazi karibu na kanisa Munyaka. Mama hajui kama yeye yuko hai. Akamwambia pia kwamba akikataa, hatamlaumu.

Jeruto aliichukua. Mwezi wa Septemba alipita Munyaka, akanunua viazi kilo mbili, akaacha bahasha chini ya noti, akaondoka kabla mama hajainua macho.

Sasa ilikuwa Oktoba na alikuwa ameitwa. Jumatano hakwenda shuleni. Alipanda gari la asubuhi hadi mjini, akashuka kituo cha kwanza na kutembea mpaka Munyaka kwa njia za nyuma, akigeuka kila kona kuona kama kuna anayemfuata. Hakumwona mtu, na hilo halikumtuliza.

Mama Waithira alimtambua mara moja. Alimwingiza ndani, akafunga mlango, akatoa bahasha kutoka ndani ya Biblia ya Kikuyu. Ilikuwa imeanza kuchakaa kwenye mikunjo. Hakujua kusoma. Kwa mwezi mzima alikuwa ameishika tu, bila kuthubutu kumpa mtu amsomee, kwa sababu hata jirani aliye mwema ana mdomo. Alichokielewa ni picha iliyokuwamo: Ndungu amevaa ovaroli la buluu, nyuma yake ndege, anacheka.

"Mama, hii karatasi lazima iteketezwe leo," Jeruto alisema. "Kesho naitwa. Wakinibana mimi, watakuja na kwako."

Mama Waithira hakubisha. Aliomba asomewe kwanza. Ndungu, kwa hofu ya njiani, alikuwa ameandika Kiswahili cha kawaida, ukurasa mmoja na nusu. Alisema yuko hai, ana chumba chenye dirisha, anafanya kazi, anakohoa kidogo wakati wa baridi. Baiskeli yake iuzwe. Mama asimwambie mtu, asilie mbele ya watu, na asikate tamaa. Jeruto alisoma mara moja. Mama akaomba tena. Mara ya tatu alianza kuyatangulia maneno, midomo ikitembea, na mara ya sita alisema barua yote kutoka mwanzo hadi mwisho akitazama ukuta, bila kukosea. Ndipo alipoichukua mwenyewe akaitia jikoni kati ya makaa, na bahasha juu yake, akazishikilia kwa koleo mpaka zikawa majivu.

Picha alikataa. Jeruto alimsihi. Alimweleza kwamba ndege iliyo nyuma ya mwanawe ina maandishi, na mtu yeyote mwenye macho atajua ilipigwa wapi. Mama Waithira aliisikiliza hoja yote, kisha akaiweka picha kifuani.

"Nimemzaa mara moja," alisema. "Sitamchoma."

Jeruto aliondoka Munyaka akiwa na hofu zaidi kuliko alivyoingia.

Alhamisi saa tatu kasoro dakika kumi alikuwa kwenye benchi nje ya chumba namba kumi na nne. Aliachwa pale hadi saa nne na nusu. Mlango ulipofunguliwa, aliyemkaribisha hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mwanamume mnene wa makamo, amevaa sweta la kijivu, sauti ya chini kama ya mtu anayeongea kanisani. Alijitambulisha kama Wepukhulu, akamvutia kiti, akamuuliza habari za shule. Juu ya meza kulikuwa na simu nyeusi, daftari na kalamu mbili. Mtu mwingine alisimama dirishani akiwapa mgongo, na hakutajwa jina wala kuzungumza hata mara moja.

Wepukhulu aliifungua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, na kwa kila muhuri aliandika mstari daftarini. Alitaka kujua kila safari: ilikuwa mbio gani, alilala kwa nani, nani alilipa. Jeruto alijibu yote kwa ukweli, maana mengi yalikuwa hayana ubaya. Alimweleza habari za Piet na viti vya kuokota, za mayai, za makoti mawili, za begi lililokwenda Uhispania. Wepukhulu alicheka kabisa aliposikia habari za soksi ndani ya viatu vya Kipyego. Aliuliza kama masikio huuma ndege ikipanda. Alisema yeye hajawahi kupanda. Dakika arobaini zilipita hivyo, na Jeruto akajishika anaanza kumpenda yule mtu. Hapo ndipo alipogutuka. Alielewa kwamba amekuwa akisukumwa taratibu kuelekea ukurasa mmoja.

Ukurasa ule ulifika. Wepukhulu aliweka kidole juu ya muhuri.

"Mwalimu, hapa unatoka Sweden unaingia Norwei. Mbio zilikuwa Ubelgiji. Mtu anayetoka Eldoret kwenda Nakuru hupitia Kitale?"

"Kama Kitale ingekuwa nusu bei, Piet angenipitisha Kitale, Afande."

Hakucheka safari hii. Aliuliza kwa nini alikaa siku mbili katika nchi ambayo hakuwa na mbio, nchi ambayo, kama mwalimu ajuavyo, imewapa nyumba watu wasioitakia mema serikali. Jeruto alisimulia kuhusu kampuni iliyofilisika. Wepukhulu alitaka jina la kampuni, rangi ya ndege, idadi ya abiria. Alitaka kujua alilala wapi. Alilala sakafuni. Alikula nini? Mayai, mpaka yakaisha. Yalipoisha je?

Jeruto alilelewa katika nyumba ya mlokole, na uongo ulikuwa kitu kilichomkwama kooni kama mfupa. Alijua pia kwamba mkimbiaji anayechoka hukamatwa pale anapoanza kutazama nyuma. Alimtazama Wepukhulu usoni.

"Msamaria alininunulia chai na mkate."

"Msamaria gani?"

"Mfagiaji wa pale uwanjani. Aliona nina njaa."

"Mweusi?"

"Mweusi."

"Mkenya?"

Yule mtu wa dirishani aligeuza kichwa kidogo. Jeruto alisikia saa ya ukutani, na chini barabarani lori likibadilisha gia. Angesema ndiyo, lingekuja swali la jina. Angesema hapana, na wao tayari wanajua, angekuwa amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

"Kiswahili alikijua," alisema. "Sikumuuliza kwao. Nilikuwa na njaa, Afande. Mtu akikupa chakula humuulizi kabila."

Wepukhulu aliandika jibu lile lote, polepole. Kisha aliweka kalamu chini, akasogeza kiti, na kuzungumza kama anayebadilisha habari.

Alisema kuna mama mmoja Munyaka, muuza viazi. Mtoto wake alipotea miaka miwili iliyopita. Mama huyo alikuwa mwimbaji sana kanisani, lakini tangu siku hiyo hakufungua mdomo tena. Alikuja, akakaa, akaenda. Tangu mwezi uliopita anaimba. Anaimba mpaka majirani wanaulizana.

"Mtu haanzi kuimba hivi hivi," Wepukhulu alisema. "Wewe ulirudi Septemba. Unamjua?"

Kati ya yote aliyoogopa, Jeruto hakuwahi kuwaza kwamba furaha ya yule mama ndiyo itakayowaumbua. Alijisikia akisema kwamba alishanunua viazi Munyaka, kama watu wengi, na kwamba hakujua nani anaimba na nani haimbi. Sauti yake ilitoka shwari. Baadaye alishangaa ilitoka wapi.

"Vizuri," Wepukhulu alisema. "Basi tungoje. Vijana wangu wako nyumbani kwake sasa hivi."

Wakangoja. Hakuuliza swali lingine. Alichukua gazeti akasoma habari za bei ya mahindi. Jeruto alikaa mikono mapajani, akili yote ikiwa Munyaka, juu ya karatasi moja ndogo inayong'aa, ovaroli la buluu na mbawa ya ndege. Aliipekua ile nyumba akilini: Biblia, godoro, kopo la sukari, nyuma ya kalenda. Kila mahali alipofikiri mama angeificha picha, mtu mwingine naye angepafikiria. Alijaribu kuomba, maneno yakakataa kupangana. Akahesabu pumzi kama kwenye mlima wa mwisho wa mbio.

Simu ililia saa sita na robo. Wepukhulu aliacha ilie mara tatu. Alisikiliza, akasema ndiyo, akasema hata darini, akasema hata ghalani, akasema basi. Alipoiweka, alimtazama Jeruto, na uso wake ulikuwa umechoka kama wa mwalimu mwishoni mwa muhula.

"Hakuna kitu," alisema.

Jeruto hakujua uso wake ufanye nini. Kushukuru kungekuwa kukiri. Alibaki vile vile.

"Unaweza kwenda, mwalimu. Lakini hii itabaki." Alifungua droo, akaitia pasipoti ndani, akafunga kwa ufunguo. "Tutakuita."

Alishuka ngazi akishikilia ukuta. Barabarani jua lilikuwa kali na watu walikuwa wakinunua mikate. Alitembea hadi stendi, akapita gari la Kesses bila kuliona, ikabidi arudi.

Hakuthubutu kukanyaga Munyaka tena. Ilikuwa karibu na Krismasi alipokutana na Mama Waithira sokoni mjini, katikati ya watu. Yule mama hakusimama. Aliinama kuchagua vitunguu kando yake na kusema kwa sauti ya mtu anayelalamikia bei kwamba vijana wale wanne walikuwa na adabu, walirudisha hata godoro mahali pake. Aliwapikia chai. Picha alikuwa nayo kichwani muda wote, chini ya kitambaa, na kila alipoinama kuwamiminia aliomba Mungu fundo lisilegee. Sasa iko mahali ambapo hata yeye Jeruto hahitaji kujua. Kisha akalipa vitunguu, akaenda zake. Kanisani, Jeruto alikuja kusikia, alikuwa amerudi kunyamaza. Sasa alinyamaza kwa hiari yake.

Pasipoti haikurudi mwaka uliofuata. Piet aliandika barua tatu, ya mwisho fupi. Kipyego alikwenda, akarudi na kombe na kikohozi, akamsimulia Jeruto habari za uwanja mmoja ambako walilala chini ya ngazi kwa sababu ya mgomo. Alisimulia kama mateso, na Jeruto alilia baada ya yeye kuondoka. Mwalimu mkuu alizoea tena kumtazama usoni. Jeruto aliendelea kukimbia kila asubuhi kwa sababu hakujua jinsi ya kuacha, ingawa goti la kushoto lilianza kumwambia umri wake. Mara mbili aliitwa tena chumba namba kumi na nne, akaulizwa maswali yale yale na mtu mwingine, kijana, aliyesoma majibu ya zamani daftarini na kuyalinganisha. Wepukhulu alikuwa amehamishwa. Hakuna aliyesema wapi.

Mwezi wa Mei 1989 mwalimu mkuu alimwita ofisini, akampa bahasha ya kaki iliyoletwa na dereva. Ndani kulikuwa na pasipoti, bila neno hata moja. Jeruto aliipekua yote. Walikuwa wamezungushia kalamu nyekundu muhuri wa Oslo, basi.

Mama yake alimwambia aitupe. Alisema nyumba ipo, tangi lipo, mshahara wa ualimu upo, na aliyeumwa na nyoka hujihadhari hata na kamba. Jeruto alikubali kwamba ni kweli. Jioni hiyo hiyo alimwandikia Piet.

Tiketi ilifika Julai, na ilikuwa mbaya kuliko zote alizowahi kupata: miji minne kabla ya kufika alikokuwa akienda, na usiku mzima Athene. Siku moja kabla ya kwenda Nairobi alipeleka begi lake dukani kwa Mburu, mtaa wa West Indies, lipimwe kwenye mizani ya mahindi. Lilizidi kilo moja na nusu. Jeruto alichuchumaa sakafuni kati ya magunia akaanza kutoa vitu.

Mburu, aliyekuwa amesikia mengi kama wauza duka wote, alimuuliza taratibu kama haogopi. Jeruto alisema anaogopa. Mburu akauliza, na mtu huko akimpa barua ya kuleta nyumbani, atafanyaje?

Jeruto alikuwa ameshika taulo mkononi. Alisema bado hajui. Kisha akaliweka taulo kando, akamwomba Mburu ainue begi lipimwe tena.